Sitara na Malka

Swali lenyewe halibadiliki. Mti gani unakua haraka, haupukutishi majani, na unaziba kabisa? Anayeuliza amenunua ploti ya 50 kwa 100 huko Kitengela au Mtwapa, jirani amepandisha ghorofa tatu, na sasa balkoni ya jirani inatazama moja kwa moja kwenye kamba yake ya nguo. Majibu ya mjini yapo tele. Nairobi watakuambia kayaba, ile yenye miiba, au saipresi iliyokatwa ikanyooka kama kipande cha sabuni. Mombasa watakutajia mwashoki, mrefu mwembamba, unaosimama kando ya ukuta kama askari wa gwaride. Mwenye haraka zaidi hupanda mianzi, halafu mwaka wa tatu anatafuta mtu wa kuing'oa.

Angalia masharti hayo matatu vizuri. Yote ni ya mwulizaji. Haraka ni haraka yake, kijani ni cha macho yake, na kuziba ni ili yeye asionekane. Sijawahi kusikia mtu akiuliza sharti la nne: mti huu ukishatoka kwangu, utaenda wapi?

Nalisema hili bila kumcheka mtu. Kutaka kujificha si uchoyo. Lugha yetu ina neno zito kwa jambo hili, sitara, na neno hilo limebeba heshima ndani yake. Tunamwombea mtu sitara kama tunavyomwombea afya. Mtu asiye na mahali pa kuoga bila kutazamwa, pa kulia bila kusikika, pa kukaa na kanga moja jua likiwa kali, huyo amenyimwa kitu cha msingi, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa. Maskini ndiye anayeonekana zaidi. Tajiri hujenga ukuta wa mawe na juu akaweka nyaya za umeme. Asiye nacho husubiri mti ukue.

Kwetu ni Ndera, kwenye Mto Tana, katikati ya Hola na Garsen. Ukipita kwa basi utaona vumbi, vichaka, ng'ombe, halafu upande wa mto mstari wa kijani uliokolea, maembe na migomba, na mabaki ya ule msitu wa kandokando ya mto ambao mwaka 1976 sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi kwa ajili ya mbega wekundu na mangabe ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Shangazi yangu ana boma huko. Nyumba mbili, jiko la makuti, bafu la magunia. Tangu pikipiki zianze kupita karibu na boma lake, kila bodaboda anajua shangazi anaoga saa ngapi. Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe umesoma, hebu nitafutie mti. Unaoota upesi. Nisingoje mpaka nife ndio nisitirike."

Nami ndiye ningetoa pesa za miche, kwa hiyo ilibidi nifikirie.

Jibu la haraka kuliko yote lilikuwa limeota tayari, mita chache kutoka bafuni kwake, bila kupandwa na mtu. Mathenge. Wanasayansi huuita Prosopis juliflora. Kwao ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Ukiupima kwa yale masharti matatu, unapasi yote kwa alama za juu. Hukua upesi, hubaki kijani wakati kila kitu kingine kimekuwa rangi ya mfupa, na huziba hata mbuzi asipenye.

Na hivyo ndivyo ulivyochaguliwa. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo watu huiruka, eti kama vile mathenge ulianguka kutoka mbinguni kutuadhibu. Uliletwa na watu waliouliza swali zuri. Kule Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe na kuacha mashimo meupe yasiyoota hata jani. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mvinje humo, na leo tunalipa kiingilio kwenda kutazama twiga na viboko mahali palipokuwa machimbo. Mathenge nao uliletwa kwenye machimbo hayohayo, mwaka 1973. Halafu ukaja mradi wa unyunyizaji wa Bura, hapa hapa Tana River. Maelfu ya watu walikuwa wanahamishiwa kwenye tambarare kavu, na wapangaji wakajiuliza: watapikia kuni gani? Wakikata msitu wa mto, msitu utaisha. Basi ipandwe miti ya kuni inayostahimili ukame. Baringo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sababu zilifanana: mifugo ilikuwa imekula ardhi ikabaki uchi, ikahitajika nguo, tena haraka.

Yaani lengo mojawapo lilikuwa kuunusuru msitu wa Tana. Sasa mathenge ndio unaousogelea msitu huo.

Ulivyosambaa ni rahisi kueleza. Maganda yake ni matamu. Ng'ombe, mbuzi, punda, hata nguruwe mwitu, wote wanayapenda. Mbegu ina gamba gumu, haisagiki tumboni. Hutoka upande wa pili ikiwa salama, imefungwa ndani ya mbolea, mahali popote mnyama atakapokwenda. Na mnyama wa Tana huenda wapi kiangazi? Mtoni. Mafuriko nayo yakaja, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, yakabeba maganda na kuyatandaza kwenye kila tambarare. Mti huu haukuhitaji mkulima. Ulihitaji ng'ombe na mto, na kwetu vyote vipo.

Hasara zake zimeshasimuliwa sana, nitapita upesi. Miiba yake hutoboa tairi na huingia mguuni jeraha likachelewa kupona. Mizizi huenda chini kutafuta maji mpaka mahali ambapo nyasi haziwezi kufika. Mbuzi anayekula maganda kupita kiasi huoza meno kwa sukari. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo, jamii ya Ilchamus, waliipeleka serikali Mahakama Kuu kwa ajili ya mti huu, na mbuzi kibogoyo akaletwa Nairobi kama ushahidi. Watu wa mjini walicheka sana. Mimi huona ule ulikuwa ushahidi mzuri kuliko ripoti nyingi, maana ripoti haiwezi kufungua mdomo ukaona ufizi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari, robo karne baada ya miradi kuupanda.

Jina lenyewe, wanavyosimulia, lilitokana na afisa mmoja wa misitu aliyeusambaza kule Baringo. Sijui kama ni haki jina la mtu kugeuka kuwa jina la mwiba. Lakini hebu jiweke mahali pake. Ulipewa miche, ukaambiwa itaokoa watu, ukaigawa kwa moyo safi. Una hatia gani?

Hapa wenzangu wengi hukimbilia jibu la nia: hakukusudia, basi hana kosa. Mimi nadhani nia inamwokoa mtu na aibu tu, haimwokoi na swali. Kuna tofauti kubwa kati ya kujenga ukuta na kupanda mti, nayo haihusu uzuri wala bei. Ukuta hukaa pale ulipouweka. Ukikosea, kosa lako lina urefu na upana unaojulikana, na mtu akija na nyundo linaisha. Mti una mpango wake. Ukipanda kiumbe kinachozaa, umefanya tendo ambalo mwisho wake hauko mikononi mwako, na unajua hivyo tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo maana umeuchagua: unakua wenyewe, hautaki kazi, haufi. Sifa zilezile zilizokupendeza ndizo zitakazomfuata jirani. Huwezi kuzisifia kwako halafu zikifika kwake uziite bahati mbaya.

Na jirani ni nani? Mjini, jirani ni yule wa balkoni. Ndera, jirani anapita.

Wacha nieleze malka, kwa msomaji asiyejua. Mto Tana una urefu wa kilomita kama 1,000 na kwa sehemu kubwa ya mkoa wetu ndio maji peke yake. Wapokomo tunalima kando ya mto. Mashamba yetu hushuka mpaka kingoni kama vidole vinavyogusa maji. Waorma na Wardei wana ng'ombe, na ng'ombe kiangazi lazima anywe. Kwa hiyo kati ya mashamba huachwa njia, pana kiasi cha kupitisha kundi, kutoka malishoni hadi majini. Njia hiyo ndiyo malka. Haina geti wala bango. Mara nyingi haina hati. Inaishi kwenye kumbukumbu za wazee wa pande mbili na kwenye nyayo za ng'ombe. Malka ikizibwa, ng'ombe hawarudi nyumbani na kiu. Wanapita kwenye mahindi. Kinachofuata kila mtu wa Tana anakijua. Agosti 2012, pale Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wakiwa wanawake na watoto, na mauaji ya kulipizana yakaendelea mpaka mwaka uliofuata. Sisemi mti ndio uliosababisha. Kulikuwa na siasa za uchaguzi, mipaka, silaha, na miaka mingi ya kinyongo. Ila ukimuuliza mtu wa pande zote mbili hasira ilianzia wapi, hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia neno malka.

Boma la shangazi limepakana na moja ya njia hizo. Ule upande ambao bodaboda hupita asubuhi, ng'ombe hupita jioni.

Sasa fikiria ua wa kijani wa haraka umepandwa pale. Mwaka wa kwanza ni mstari. Mwaka wa tatu matawi yameinama nje, na njia ya hatua thelathini imekuwa ya hatua ishirini na tano. Hakuna aliyeamua kuiba hatua tano. Na pwani yetu mti haujawahi kuwa mti tu. Kwa vizazi vingi, kwenye mashamba ya mabwana wa pwani, maskwota waliruhusiwa kulima mahindi na mihogo lakini wakakatazwa kupanda minazi na miembe, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba anayepanda mti wa kudumu anaandika hati. Ukipanda ua kando ya malka, kijana anayechunga haoni bafu la mama mzee. Anaona madai.

Jambo la ajabu ni kwamba Waingereza, pamoja na ubaridi wao wote na mipaka yao iliyopimwa kwa inchi, nao walifika hapahapa. Walipanda chotara mmoja wa jamii ya saipresi aitwaye Leylandii, anayeweza kuongeza karibu mita 1 kwa mwaka, kijani masika na kipupwe, hasa kwa ajili ya kuziba macho ya jirani. Majirani wakafungwa gizani sebuleni mwao. Ugomvi ukawa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2003 bunge likatunga sheria: miti ya ua miwili au zaidi inayobaki kijani mwaka mzima, ikizidi mita 2 na ikamnyima jirani mwanga au nafasi ya kuifurahia nyumba yake, halmashauri inaweza kuamuru ipunguzwe. Napenda kwamba sheria hiyo iliutaja ukijani wa mwaka mzima wenyewe. Mti unaopukutika humrudishia jirani jua lake kwa msimu. Usiopukutika humnyima siku zote.

Wao waligombania mwanga. Sisi ni maji. Lakini hawa wote walikuwa na sababu nzuri ya kujificha, na bado ikabidi mtu wa tatu aingilie.

Binamu yangu, ambaye ana ulimi, alinipinga kwa hoja mbili, nazo si za kupuuzwa. Ya kwanza: mathenge umeshajaa, kuanzia Bura mpaka chini huko. Shangazi akiuacha huo mmoja uote bafuni kwake, dunia itaharibika kiasi gani zaidi? Ya pili: kwani ninyi mnaouchukia mnakula wapi? Vijana wangapi pale wanaishi kwa makaa ya mathenge? Maganda yakisagwa si ni chakula cha mifugo, na mbegu haioti tena? Nguzo za zizi, kivuli, si vyote vinatoka humo? "Nyinyi wa Nairobi mnachukia mti kwa sababu hamjawahi kupikia."

Hoja ya pili naikubali kwa sehemu kubwa. Mti ukishakuwapo, kuutumia ni busara kuliko kuulaani, na anayekata mathenge kuchoma makaa anaufanyia mto hisani hata kama hakusudii. Ila kipato cha makaa hakimfikii mwenye ng'ombe aliyefungiwa njia. Faida ina mtu wake na hasara ina mtu wake, na ukizijumlisha pamoja kwenye karatasi utapata namba nzuri ambayo haimhusu yeyote kati yao.

Hoja ya kwanza ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ni ya kweli kimahesabu. Mti mmoja zaidi hauongezi kitu kinachopimika. Kila mtu Tana anaweza kusema vilevile, na kila mmoja atakuwa sahihi. Jibu langu si la mahesabu. Yule mchungaji hanikuti mimi kwenye takwimu. Ananikuta kwenye malka ile, jioni, na ng'ombe wake mbele. Anajua shamba lipi limejitokeza na lipi limekaa mahali pake. Mti ulioota wenyewe ni msiba wetu sote. Mti niliouona, nikautambua, nikaumwagilia ili unifiche, huo ni wangu, na ana haki ya kuniuliza.

Basi nikaanza kupanga miche mingine. Mwarobaini ulikuwa wa kwanza kutajwa, maana Garsen upo kila mahali na dawa yake inaaminiwa. Unakua upesi, kivuli chake ni baridi. Lakini ndege hula matunda yake na kuzitupa mbegu wanakotaka, na kwenye misitu ya pwani tayari unaota usipoalikwa. Ni mgeni mpole, ila mgeni. Mvinje unataka mchanga na maji ya karibu, na ukiukata hauchipui vizuri, kwa hiyo kama ua utabaki na vigogo tupu chini, na macho ya bodaboda yako chini hasa. Mnyaa hushika kwa kuchomeka tawi tu, mifugo haiugusi, na haukimbii ulipopandwa. Tatizo ni utomvu wake mweupe, ambao ukiingia jichoni ni hospitali, na boma la shangazi lina wajukuu sita. Mwembe ni mti wetu, kijani kila siku, lakini ndio hati kubwa kuliko zote. Kupanda mwembe kando ya malka ni kama kutuma barua ya wakili.

Nikabaki na mhina. Huu wa kupaka mikononi. Pwani watu wameupanda kama ua tangu zamani, unakatika vizuri, unachipua, na si mgeni kwenye kingo za mito ya huku kwetu. Ukame ukizidi utapukutika kidogo. Haukui haraka kama shangazi alivyotaka. Nilipomwambia alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama nitamwoa yeye au mhina, kwamba nimechagua mti wa harusi. Tukacheka. Akakubali kwa sharti kwamba kwa miaka miwili hii nimnunulie mabati ya bafu. Ni haki. Kama nataka yeye asubiri kwa ajili ya njia ya watu wengine, gharama ya kusubiri haiwezi kuwa yake peke yake. Mabati ni ghali kuliko miche, kwa taarifa yako.

Lakini jambo gumu halikuwa mti gani, lilikuwa mstari upite wapi, na hilo huwezi kuliamua ukiwa Nairobi na picha ya setilaiti. Niliomba mzee wa malka wa upande wa Waorma aje atembee pale na mjomba kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Walitembea asubuhi nzima. Mzee hakuwa na neno kuhusu mhina. Alichotaka ni ua urudi nyuma hatua nne kutoka mahali ambapo ng'ombe hugeuka, kwa sababu kundi likikimbilia maji halipindi kona kali. Hatua nne zilimgharimu shangazi kipande cha mchicha. Alilalamika kwa wiki nzima, na bado analalamika, na sidhani kama anakosea kulalamika. Mchicha ule ulikuwa mzuri.

Mzee akaongeza ombi moja. Mvua zikinyesha, kwenye mbolea iliyoachwa na ng'ombe wake njiani huchipua mathenge midogo, mamia. Ukiwa na urefu wa kidole, udongo ukiwa laini, mche hung'oka kwa mkono mmoja. Ukiuacha mpaka ufike magotini, kuukata ni kazi bure; lazima uchimbe chini ya shina, la sivyo unarudi na matawi matano badala ya moja. Vijana wake hupita jioni tu, na jioni macho yao yako kwa ng'ombe. Akauliza kama wajukuu wa bomani wanaweza kupita asubuhi, mvua zikianza, wakang'oa upande wao, na wake watang'oa upande wa kule mtoni. Shangazi alisema watoto watakwenda wakishapiga mswaki, na wavae viatu.